Kompyuta Isiyomjua Mke Mkubwa

Juma lililopita, katika ofisi moja ya kupiga chapa pale Ndhiwa, niliwakuta mzee na mkewe wa kwanza. Walitaka mpango wa kupanda mahindi: kila nyumba ya mke, na chini yake watoto na mashamba yao. Binti wa kompyuta aliandika vizuri, kisha akabonyeza kitufe cha kupanga. Jina la mke wa tatu likaruka juu kabisa.

"Nyathina, mwanangu, hapana!" mzee akashtuka, kofia mkononi. "Mikai, mke mkubwa, ndiye hupanda kwanza. Huyu mdogo akitangulia, hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, tutakosa mavuno."

"Lakini mzee, inafuata alfabeti. Haijui nani mkubwa."

Mama, yule mke wa kwanza, akainuka kwenye benchi. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la mke mwenzake, akakiburuta taratibu hadi chini.

"Basi ifundishwe," akasema. "Hata huyu, alipoolewa kwetu, hakujua."

Binti akatia moja, mbili, tatu mbele ya majina, amani ikarudi. Tunaambiwa mashine hizi zitatufundisha kazi. Labda. Ile ya Ndhiwa imeanza kwa kufundishwa kumwamkia mke mkubwa.