Ruhusa ya Kutoka

Siku hizi nafundisha Kiingereza Mikumi, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wahudumu wa hoteli za watalii, madereva, na akina dada wanaotafuta kazi za mapokezi. Nawafundisha kila kitu isipokuwa somo moja. Tukifika kwenye vile vitenzi visaidizi vya Kiingereza, vya kuomba, kuamuru na kushauri, nawagawia karatasi wakasome wenyewe. Wananitania kwamba mwalimu ameanza kuzeeka. Sijazeeka. Naona aibu.

Kabla ya hapa nilikuwa mwalimu wa sekondari Kilosa, na somo hilo ndilo nililojidai nalo. Nilikuwa kijana, suruali imenyooka kwa pasi, ulimi mkali kuliko umri wangu. "Must" watoto wa kidato cha kwanza waliielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu wamekua na lazima: lazima uteke maji, lazima uwahi namba ya asubuhi shuleni. "Can" nayo haikuwasumbua. Iliyowashinda ni "may". Niliwaeleza kwamba ni neno la kuomba ruhusa na la kuitoa, wakanikodolea macho. Mtoto wa kwetu huku mara nyingi haombi ruhusa kwa maneno. Anasogea karibu na mkubwa, anatazama chini, anasubiri aulizwe.

Nikatunga sheria. Katika kipindi changu hakuna kutoka nje, hata kwenda chooni, mpaka mtu asimame na kusema sentensi nzima: "May I go out, please, sir?" Niliiandika ubaoni, tukaiimba darasa zima mara kumi, kisha nikaifuta ili waitoe kichwani. Mwisho wa wiki waliiimba vizuri kama kwaya. Nani anaelewa anachokiimba, sikuuliza.

Muhula ukiwa umeshaanza akaletwa msichana mgeni. Kwao ni mbele ya Kidete, familia ya wakulima na wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Baba yake alimleta mwenyewe, akatuambia walimu ofisini kwamba katika watoto wake saba huyu ndiye wa kwanza kuvuka darasa la saba. Alisema anataka nyumbani kwake apatikane hata mmoja wa kumsomea barua zinazotoka ofisini, maana amechoka kubembeleza majirani. Binti angekaa kwa shangazi yake Chanzuru na kuja shule kwa miguu. Alikuwa mrefu, mkimya, hata Kiswahili alikipima kwanza kabla ya kukitoa mdomoni.

Siku moja, hajamaliza hata wiki, nilikuwa na vipindi viwili mfululizo darasani kwao. Katikati ya cha kwanza aliacha dawati lake, akaja mbele, akapiga magoti pembeni ya meza yangu, mikono ameikutanisha, macho chini. Darasa likaangua kicheko.

"Mwalimu, naomba..."

"Kwa Kiingereza," nikamkata. "Na simama. Hapa si nyumbani kwenu."

Akasimama. Midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Akarudi kukaa. Baada ya muda akaja tena, akapiga magoti tena, palepale. Nilikasirika. Niliona ananifanyia kejeli mbele ya watoto arobaini. Nikamwambia arudi akakae mpaka sentensi imjie, na asinisumbue tena.

Haikumjia. Alikaa amebana miguu, anautazama ubao, ambapo sentensi ile niliifuta kabla yeye hajaja, kana kwamba maneno yangejitokeza yenyewe. Na mimi nilimwona. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba nilikuwa nimegeukia ubao, lakini nilimwona vizuri kabisa, nikaendelea kufundisha.

Kicheko kilianzia madawati ya nyuma. Mkojo ulikuwa unatiririka sakafuni, unapita chini ya dawati la mwenzake wa mbele. Binti aliinuka, sketi imemganda miguuni, akatoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Niligonga meza nikawanyamazisha, na kwa ujinga wangu nikamalizia somo.

Wiki mbili zikapita, hakuonekana. Siku ya Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda kwa baba yake, mbele ya Kidete. Njia nzima niliipanga sentensi yangu: hakukosa yeye, nilikosa mimi. Haikuwa sentensi ngumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu sana."

Tukawekewa viti uani. Binti akaleta maji ya kunawa. Alipiga magoti mbele yangu akaninawisha, kisha akasogea akapiga magoti vilevile mbele ya baba yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kule darasani aliniomba ruhusa mara mbili, kwa heshima kubwa kuliko niliyowahi kupewa na mwanafunzi yeyote, na mimi nikamwambia asimame.

Baba yake alisubiri nile kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu amerudi na hasemi kitu. Lakini wewe umetoka Kilosa mpaka hapa, basi najua kosa ni kubwa. Alikosa nini?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu inasema, "Ni mambo ya utoto tu, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaingia ndani, akatoka na fimbo ya kuchungia, akaniwekea mikononi. "Mwadhibu hapahapa, na mimi nione. Yaishe. Halafu umrudishe shule."

Hakuna aliyemwita. Binti alitoka jikoni mwenyewe, akasimama mbele yangu, akageuka akanipa mgongo, akangoja.

Niliilaza fimbo chini. Hata hapo nafasi bado ilikuwepo, ya kusema maneno yangu manne au matano. "Hapana, mzee," nikasema. "Nimemsamehe."

Baba yake akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru tena na tena. Akamgeukia binti. "Umesikia? Mwalimu amekusamehe. Sema asante."

"Asante, mwalimu," akasema.

Jumatatu hakuja shule, na hakuja tena.