Phelista Aliyengoja Mvua ya Kitale

Pale Kamukuywa, ukiacha barabara ya Kitale uingie nyuma ya soko, kuna uwanja ambao wakati wa mavuno huwezi kuona udongo wake. Ni turubai kwa turubai, na juu yake mahindi. Turubai ya kwanza ukiingia, ile ya rangi ya chungwa yenye viraka vinne, ni ya wifi yangu Phelista, dada ya marehemu mume wangu.

Nilipoolewa Kabuchai nilimkuta Phelista yuko darasa la tano, msichana mwembamba mwenye kelele, anayekimbia katikati ya miwa bila kukatwa na majani. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, kwa hivyo nilimfundisha hesabu za kugawanya jikoni, nikipika. Alizishika haraka kuliko watoto wangu mwenyewe walivyokuja kuzishika. Lakini wasichana wa siku zile hesabu haikuwapeleka mbali. Aliolewa Kamukuywa na kijana aliyekuwa na kazi kwa kiwanda cha karatasi Webuye, na kwa miaka mingi alikaa vizuri, na viatu vya Jumapili alikuwa navyo. Kiwanda kikafungwa, bwana akarudi na begi moja na kikohozi. Alipomzika, Phelista aliangalia huku na huku akaona kitu kimoja tu ambacho watu wa soko walikosa: mtu wa kukaa na mahindi kutwa nzima juani bila kuchoka na bila kudanganya.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake. Watu wanapukuchua, wanaleta, yeye anaanika. Hageuzi kwa reki. Anavua viatu anatembea ndani ya mahindi akiburuta miguu, mistari inabaki nyuma yake kama shamba lililolimwa, halafu anarudi anakata ile mistari kwa kuvuka. Kutoka asubuhi hadi jua linapoinama. Nyayo zake siku hizi zimepasuka hadi unaweza kuficha punje ndani, na magoti yanalia akikaa na akisimama. Kujua kama yamekauka ana chupa ya soda. Anatia chumvi kavu, anatia punje kiasi cha ngumi, anatikisa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, funga gunia. Watu wazima wenye digrii wamesimama hapo wakingoja chupa ya Phelista iseme.

Na jambo lingine walilongoja kwake ni mvua. Phelista alikuwa na rafiki upande wa Kachibora, chini ya milima ya Cherangani, anaitwa Jerono. Walijuana zamani wodi ya akina mama kule Kitale, vitanda vyao vikigusana, Jerono akimzaa Kemboi Jumatatu na Phelista akimzaa Absalom Jumanne. Simu zilipoingia, wakafanya mapatano. Mvua kubwa ya huku kwetu karibu kila mara inaanzia kule kwa Jerono, inashuka Kitale, inapita Kiminini, ndiyo inatufikia. Basi Jerono akiona mbingu imekuwa nyeusi, anaflashi mara moja, yaani anapiga na kukata. Ikianza kumnyeshea kichwani, anaflashi mara mbili. Mara tatu ni mvua ya mawe. Na simu haishikwi. Ukishika umekula kredo ya simu ya mwenzako, na hao wawili walikuwa wanawake wa kutokula cha mtu.

Kutoka flashi mbili za Jerono hadi tone la kwanza Kamukuywa, Phelista alijua ni saa mbili na kitu. Miaka kumi na minne alihesabu hivyo na hakukosea mara nyingi. Akikunja turubai yake, uwanja mzima unakunja. Asipokunja, hakuna anayekunja.

Sasa nije kwa ile Alhamisi ya Oktoba.

Mwaka uliotangulia mahindi ya Phelista mwenyewe yalikuwa yameozea shambani. Mwezi wa pili alikuja kwangu Kabuchai na gunia limekunjwa kwapani, tupu. Gunia hakulitaja. Alikaa, akanywa chai, akaniambia habari za kanisa, na mimi nikaenda ghalani nikalijaza. Alipolibeba hakuniangalia usoni. Nyumbani kwake kuna wajukuu watatu, watoto wa binti yake aliyefariki. Kwa hivyo mwaka huu alipovuna, aliniita nimsaidie. Akaniambia, "Wifi, hii ni gunia tisa. Ikiingia ghalani ikiwa kavu, tunafika Agosti. Sitaki kutembea na gunia tena."

Lakini unajua tabia yake. Alianika kwanza ya watu, yake ikawa ya mwisho. Siku hiyo ilikuwa ya nne juani. Asubuhi redio ilikuwa imesema mvua kubwa, na pengine ngurumo na radi, itatoka nyanda za juu kuanzia alasiri na kuteremka kuelekea ziwani. Saa sita Phelista alitikisa chupa. Chumvi ilishika, lakini kidogo, kama vumbi kwenye kioo.

"Saa moja na nusu," akasema. "Jua la saa moja na nusu tu, imeisha."

Hapo ndipo shida ilipo, na asiyeanika hawezi kuielewa. Ukiyaanua na ule unyevu mdogo ukafunga ndani ya gunia, yanapata joto, yanashika ukungu, wiki mbili yananuka. Ukiyaacha yanyeshewe, ni yale yale. Kwa hivyo unangoja, macho kwa mahindi, sikio kwa simu. Mimi nilikuwa nimechoka tayari. Mgongo wangu ulikuwa umeniambia turudi nyumbani tangu saa nne.

Saa saba kasoro simu iliita ndani ya leso yake. Ikakata. Ikaita tena. Ikakata. Ni Jerono. Tulingoja ya tatu, haikuja.

"Mbili," Phelista akasema kwa sauti, ili uwanja usikie. "Imeanza kumnyeshea Mama Kemboi sasa hivi. Hadi saa tisa tuko sawa. Geuzeni!"

Watu wakaingia kugeuza. Nanyama, anayeanika maharagwe turubai ya pili, mwanamke wa mdomo mrefu lakini si mbaya, alikuwa anaangalia upande wa Mlima Elgon.

"Dada Phelista, si ule mlima umevaa koti?"

"Mlima unavaa koti kila siku saa hii. Ni baridi yake. Wewe ulitaka ukae uchi?"

Watu wakacheka. Nanyama naye akacheka, lakini aliendelea kuangalia.

Levi, mwenye mashine ya kusaga, alitoka na simu yake kubwa ameishika kama sahani ya chai. "Mama, kuja uone. Hii ni picha ya mawingu. Unaona hii nyekundu? Iko juu ya Elgon, inakuja huku. Haiko Kitale. Kitale ni kweupe."

Phelista hakusimamisha miguu. "Levi, mtoto wangu, hiyo simu yako imewahi kunyeshewa?"

"Hapana, mama."

"Basi itajuaje mvua? Mama Kemboi sasa hivi ako na maji kwa kichwa. Ati Kitale ni kweupe!"

Uwanja mzima ulicheka tena. Levi alisimama kidogo, akakuna shingo, halafu akaita vijana wake wa mashine wakaanza kujaza magunia yake. Watu wakamzomea. Mmoja akamwambia, "Bana, unaogopa rangi?" Akaendelea kujaza. Mimi nilimwangalia Levi, nikauangalia mlima, nikataka kusema kitu. Sikusema. Nimeishi na Phelista miaka hamsini na zaidi, najua ukimwambia jambo mbele ya watu anashika lile lingine kwa mikono miwili. Hilo kosa ni langu, na naliandika hapa kama langu.

Ngurumo ya kwanza ilikuja kama dakika kumi na tano baadaye. "Hiyo ni lori kwa daraja," mtu akasema. Ya pili haikuwa lori. Upepo ukaja baridi kutoka upande wa Kapsokwony, ukinukia udongo, ukainua pembe ya turubai ya chungwa. Nikamwona Phelista amesimama katikati ya mahindi yake, miguu imezama hadi kwenye vifundo, anahesabu na midomo. Alikuwa bado anaihesabu safari ya mvua ya Kitale.

"Wifi!" nikaita. "Anua!"

Tulikimbia. Wanawake wa miaka yetu hawakimbii, wanaanguka mbele mara nyingi bila kufika chini. Tulishika pembe nne, tukakunja kama unavyokunja chapati juu ya yai, lakini gunia tisa za mahindi hazibebwi na bibi wawili. Nanyama aliacha maharagwe yake akaja kushika. Tone la kwanza lilinipiga mkononi, kubwa kama sarafu. Halafu hakukuwa na matone, ilikuwa ukuta. Radi ikapiga nyuma ya soko, mabati yakalia, na watoto wa mtu fulani wakaanza kupiga kelele. Katika uwanja wote watu walikuwa wameinama juu ya mahindi yao kama wanaotafuta kitu kilichopotea. Maji yalipita chini ya turubai, yakapita juu, yakapata njia kwa vile viraka vinne. Punje zilianza kuelea zikienda mtaroni, na kuku wa soko walikuwa wamejificha, hata hawakuzifuata.

Mchungaji ndiye aliyetufungulia kanisa. Tulisukuma mabenchi ukutani tukamwaga mahindi sakafuni, ya Phelista, ya Nanyama, ya watu kumi na zaidi, kila mtu na kona yake. Maji yalikuwa yanatutoka kwenye nguo yakitengeneza madimbwi, na mchungaji alikuwa anazunguka na kitambaa akifuta nyuma yetu. Levi alileta majiko mawili ya makaa kutoka kwake. Aliyaweka karibu na mahindi ya Phelista, akaenda zake, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa ile picha yake.

Saa kumi, mvua ikiwa bado inapiga mabati, Phelista alitoa simu. Ilikuwa imeingia maji lakini iliwaka. Akapiga. Nilishtuka, maana kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumpigia Jerono simu ya kushikwa. Nilisikia sauti ya upande wa pili wazi kabisa.

"Woi! Mama Absalom! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Uko wapi?"

"Si niko Kapsokwony! Tangu juzi. Msichana wangu amejifungua, nimekuja kumkanda na maji moto. Huku imenyesha, mama, nyumba ilikuwa inatetemeka! Nikasema lazima nikuflashie haraka. Uliona?"

Phelista aliangalia mahindi yake pale sakafuni. Kapsokwony iko juu tu hapo mlimani, mvua ya kule inatufikia kabla ugali haujaiva. Kachibora ilikuwa kavu siku nzima.

"Niliona," akasema.

"Na mlianua?"

"Mtoto ni nani?"

"Ni msichana. Mama Absalom, mlianua?"

"Pole na kazi, Mama Kemboi. Salimia mzazi." Akazima. Alikaa kwa benchi lenye maji, akaniangalia. "Flashi haisemi mtu ako wapi," akaniambia. "Miaka hii yote, wifi, sikuwahi kufikiria hiyo."

Nanyama alikuwa anasikia. Nilidhani atasema kitu kuhusu koti la mlima, na alikuwa na haki. Alivua viatu, akaingia ndani ya mahindi ya Phelista, akaanza kuburuta miguu.

Tulikaa katika lile kanisa siku sita. Asubuhi tunatoa nje jua likitokea, mchana tunarudisha, jioni tunageuza sakafuni. Jumapili ibada ilifanywa nje, na wimbo ulikuwa mfupi. Miguu yangu ilivimba. Phelista alikula kidogo na kulala akiwa amekaa. Watu waliokuja kuchukua mahindi yao hawakumlaumu usoni, lakini hawakumuuliza tena kuhusu mvua pia. Niliwaona wakiangalia juu wenyewe, mmoja mmoja, mkono kwenye paji la uso. Naye aliwaona.

Siku ya saba alitenga mahindi yake kwa mkono, rundo kwa rundo, akinusa kila ngumi. Yenye ukungu yalikuwa mengi. Mama mmoja anayepika pombe ya busaa alikuja na punda, akasema atayachukua yote, kwake ukungu si neno. Phelista alikataa, akisema ukungu ni sumu hata ukipikwa. Akaniambia tuchimbe shimo nyuma ya choo chake, na tukachimba, bibi wawili na jembe moja, tukipokezana kila baada ya mapigo kumi. Tulizika gunia tano. Alifukia mwenyewe, akakanyaga udongo kwa zile nyayo.

Kisha akatikisa chupa na yale yaliyobaki. Chumvi ilianguka yote chini. Alifunga magunia manne kwa kamba ya katani, akayapapasa moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu ng'ombe gizani.

"Nne," akasema. "Nne, tukijibana, inafika mwisho wa Aprili."

"Na kutoka Aprili hadi Agosti?" nikauliza, ingawa nilijua.

Aliangalia huku na huku. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

"Utaniletea wewe," akasema. "Usingoje nije. Siwezi kuja tena, wifi. Ni mbali."

Nikamwambia nitaleta mwezi wa tano, siku ya soko. Aliitikia kwa kichwa, akaegemea ukuta, na kabla sijamaliza kukung'uta turubai alikuwa amelala.