Unga wa tetra juu ya majani ya dende

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyonunua kamyo, lori langu la kwanza. Na kamyo ile niliinunua kwa jasho langu mwenyewe, uliza mutu yeyote hapa Katoyi. Mimi Kasereka niliacha masomo mwaka wa tatu wa primeri. Nilishuka kutoka Butembo na shati moja, leo niko na nyumba ya orofa. Lakini asubuhi ile nilikuwa bado kijana wa kusukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, nikileta majani kutoka Kibati. Nyumbani nilifuga dende, wale simbilisi wadogo wasio na mukia ambao mama zetu huwaacha wakimbie-kimbie karibu na jiko.

Dende wangu walikuwa wanono kuliko wa mutu yeyote. Ndiyo maana laboratwari moja ya dawa hapa mujini ilinichagua mimi. Walitaka dende ishirini na nne, na majani mabichi kila siku. Dokta Masika, mwanamuke mupole mwenye sauti ndogo, alikuwa anatafuta dawa ya vidonda vinavyooza, vile vinavyofanya wakulima wetu wakatwe miguu. Dawa alikuwa nayo, lakini nani atampa mutoto wako dawa ambayo haijapita kwanza kwa kiumbe kingine? Dende wote wangetiwa ugonjwa. Nusu wangepata dawa, nusu hapana, ndipo ukweli uonekane.

Walinipa karatasi nitie sahihi. Nikatia haraka-haraka. Kusoma sikujua vizuri, na kuuliza niliona haya. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini kijana mwenye misuli husikia hayo akacheka.

Sasa sikia ujanja wangu. Sisi wafugaji tulikuwa na siri yetu: kapsuli ya tetra, ileile ya vidonda vya watu. Unaifungua, unanyunyiza unga wake kwenye chakula, munyama anafika siku ya soko bila kuugua. Nikawaza, dende wa Kasereka wakifa kule ndani, jina langu litachafuka. Basi kila asubuhi nikanyunyiza tetra juu ya majani, nikasukuma chukudu yangu nikipiga mulunzi.

Asubuhi ya siku ya nane nikamukuta Dokta Masika mulangoni pamoja na Muzee Paluku, mutunzaji wa wanyama. Nyuso zao zilikuwa nzito.

"Muzee, kuna aliyekufa?" nikauliza.

"Hakuna," Dokta akajibu. "Ndiyo shida yenyewe. Hata wale tusiowapa dawa, hawaugui."

Nikacheka mpaka chukudu ikanitoka mukononi. "Dokta, si nilikuambia? Dende wa Kasereka, ugonjwa wenyewe unawaogopa! Tetra yangu inapita dawa zenu zote!"

Ulimi hauna mufupa, mwanangu, lakini siku hiyo ulinivunja mimi.

"Tetra gani, Kasereka?" Dokta akauliza polepole.

Nikaeleza. Dokta akaketi palepale kwenye ngazi, akashika kichwa, akasema karatasi niliyotia sahihi ilikataza kuwapa dende dawa yoyote. Muzee Paluku hakunipigia kelele. Alinishika mukono, akaniingiza ndani, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Nikaona nyasi kavu safi, maji safi, kila dende na nafasi yake. Mumoja alipomuona muzee alipiga kelele ya furaha, kwii, kwii, kama mutoto aliyeona mama anarudi kutoka soko la Kituku na samaki.

"Hawa ni ishirini na nne tu," muzee akasema. "Dokta alihojiwa mwezi muzima na komite, wakubwa wanaotoa ruhusa ya kazi hii: kwa nini usipunguze? Wataumia kiasi gani? Utawatuliza namna gani? Munyama huyu anatoa uhai wake mara moja, kijana. Hatuwezi kumurudishia. Kitu tunachoweza kumupa ni kimoja: kifo chake kiseme ukweli. Wewe umemunyang'anya hata hicho."

"Kwa hiyo sasa?"

"Sasa watalazwa usingizi wa kutoamka, maana walishatiwa ugonjwa, na hatukujifunza chochote."

Nimechinja mbuzi wengi sana bila kutikisika. Siku ile nililia mbele ya dende.

Dokta akaniambia wazi: komite isiposikia habari ya tetra kwa mudomo wangu mwenyewe, itaona dawa yake haina kazi, na itatupwa. Mimi nikisema, kazi imeniisha. Muzee Paluku akaongeza neno dogo tu: "Mudomo uliojisifu unaweza pia kuungama."

Nikaenda mbele ya komite. Wakubwa watano wenye miwani, na mimi na viatu vya vumbi jeusi la volkano. Nikasema yote. Kazi wakaninyang'anya hapohapo, lakini Dokta wakamuruhusu aanze upya na dende wengine.

Siku za mwisho za jaribio hilo jipya muzee aliniita nione. Waliopata dawa walikuwa wanatafuna majani. Waliokosa walikuwa wamelegea, na yeye alikuwa anawabeba mumoja-mumoja kwenda kulazwa usingizi, kwa mikono miwili, kama mutu anayebeba yai. Dokta aliandika tu, hakushangilia. Mwanangu, mimi si mutu wa kusifu watu wengine, wewe mwenyewe unajua. Lakini wale wawili nawavulia kofia mpaka leo. Dawa haikufika sokoni kesho yake. Ilisogea hatua moja, na hatua hiyo ilikuwa ya kweli.

Utasikia wanaosema kazi ile ni ukatili mutupu. Utasikia pia wanaosema munyama ni munyama tu, haidhuru. Wote wawili hawajaona mikono ya Muzee Paluku. Nasaha yangu ni hii: ukipewa karatasi usiyoielewa, uliza, hata wakikucheka. Usifiche udhaifu wa kazi yako kwa unga. Na ukimeza kidonge, kumbuka kuna kiumbe kidogo kilichotangulia. Usiupoteze uhai wake kwa uongo wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kuuliza kabla mukono wako haujanyunyiza, na mikono miwili ya kubeba kile kinachokufa kwa ajili yako.