Mtungi wa Nne

Wiki iliyopita nilipita mbele ya karakana moja hapa kambini Dzaleka, kando ya barabara ya kwenda Dowa, nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Fundi alikuwa akifungua kidogo mtungi wake wa oksijeni ili kupuliza vumbi kabla ya kufunga mita ya kupimia hewa. Fyuu! Sauti fupi, kali, kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kuungua. Nilisimama katikati ya njia, maji yakanimwagikia shingoni, na kwa kitambo nikawa tena na miaka kumi na miwili, katika mtaa wa Mchesi, Lilongwe, mbele ya karakana ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea na kukata vyuma. Kazi alijifunza Bukavu, akaja nayo Malawi kichwani tu, maana mikononi alinibeba mimi. Mama na wadogo zangu wawili waliishi hapa kambini, ambako mama alishona nguo; baba alikodi karakana Lilongwe, akawa anarudi Jumamosi akinuka moshi wa chuma hata baada ya kuoga. Mwaka wa korona, shule zilipofungwa, mama alichoka na kelele zetu. Akanituma mjini mimi mkubwa. "Enda umupikie papa yako," alisema. "Ukimuacha peke yake atakula mandazi mpaka ageuke andazi."

Mle karakanani mlikuwa na mitungi minne ya oksijeni. Baba aliiita butei. Ilikuwa myeusi, mirefu kunipita, imefungwa mnyororo ukutani kama wazee wa kanisa waliokatazwa kukaa. Nikitoka jikoni alinikagua vidole, maana oksijeni na mafuta vikikutana huwaka moto. "Mafuta na butei ni kama mbwa na chui," alizoea kusema. "Usibafungie mu chumba kimoya." Mtungi mmoja ukiisha, aliupeleka kujazwa, mingine ikaendelea kumlisha. Yaani kutulisha sisi.

Mvua zilikuwa zimekolea wakati redio iliposema kwamba nchi imeingia katika hali ya janga. Sikujua maana yake. Nilidhani janga ni kitu kinachokuja kwa barabara, nikaenda mlangoni kuangalia. Siku chache baadaye redio ikasema hospitali zimeishiwa hewa ya wagonjwa, mitungi haitoshi, na serikali inayo mamlaka ya kuchukua mitungi popote ilipo, viwandani na kwa mafundi, mpaka hatari ipite. Baba akaizima redio katikati ya sentensi.

Alikaa akisugua viganja. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Babu yangu, kule Bukavu, alikuwa na kamyo moja, lori la kubeba maharagi. Siku moja wenye bunduki waliisimamisha, wakatamka neno moja tu la Kifaransa, "rekizisyo", yaani mali inachukuliwa kwa amri, wakamshusha, wakaondoka nayo na maharagi yake juu. Hakuna aliyemuuliza jina. Babu alikaa mlangoni miezi, kila injini ikilia mbali anainua kichwa.

"Mu kinywa yabo, ile neno ni kuiba," baba alisema. "Bote ni bamoya."

Alasiri ile alifungua mnyororo wa mtungi wa nne. Aliuzungusha kwa kitako chake hadi pembe ya nyuma, akaulaza, akaufunika kwa turubai, na juu yake akarundika vipande vya chesisi za magari.

"Usiseme kitu kwa mutu," akaniambia.

Lori lilikuja kesho yake asubuhi. Alishuka mama mmoja wa makamo, barakoa usoni, sweta la kijani, daftari kubwa kwapani. Nyuma yake alikuja askari, nami nikamtazama mikono: alishika mwavuli. Alikuwa anamfunikia mama yule asilowe. Hicho ndicho kilichonishangaza kwanza, kwamba serikali ilikuja mlangoni kwetu na mwavuli.

Mama yule alisalimia kwa Kichewa. Akatoa barua yenye muhuri, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kama somo la Jumapili, na baba akasimama wima kama msikilizaji wa somo la Jumapili. Kisha akauliza, "Bambo," yaani bwana, "mna mitungi mingapi?"

"Tatu, madamu," baba akajibu.

Nilitazama miguu yangu. Nilihisi turubai kule nyuma limekuwa kubwa kuliko karakana nzima.

Lakini yeye hakwenda nyuma. Alisogea kwenye mtungi wa kwanza, akafuta bega lake kwa mkono wa sweta, akainama. Mitungi ile ina nambari zilizogongwa kwenye chuma. Mimi nilicheza kando yake wiki nzima na sikuwahi kuziona. Alizisoma moja moja, akaandika. Wa pili. Wa tatu. Akamuuliza baba jina lake, na aliposhindwa kulipata sawa akampa kalamu: "Andika mwenyewe, lisikosewe." Akauliza anakotoka. Baba alisita, kwa kuwa mkimbizi kukaa mjini lilikuwa jambo la kulisema polepole. "Dzaleka," akasema. Mama yule akaandika Dzaleka bila kuinua macho.

Alichana nakala, akampa. "Nambari za mitungi yako ni hizi. Hatari ikipita, njoo na karatasi hii. Zikomo kwambiri, asante sana, bambo." Alipofika mlangoni akageuka. "Na pepani."

Pepani! Samahani! Nilikuwa nimesikia watu wakiiomba serikali samahani. Sikujua kwamba neno hilo linaweza kupita njia ile kwa kurudi.

Lori likaondoka. Baba alibaki mlangoni na karatasi, mvua ikimpiga vidole vya miguu. "Amesoma namba," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Umeona? Amesoma namba yote."

Hakugusa kazi asubuhi nzima. Nilipakua nsima, ugali wa huku, ikapoa, ikashika ngozi juu. Nilidhani anasikitikia mitungi mitatu. Mchana ukafika, akainuka ghafla, akaenda nyuma, nikasikia vipande vya chesisi vikitupwa kando.

"Papa yangu," alisema bila kunitazama, "kama bangemuuliza muzuri, bakamwambia bantu banakosa chakula, angebapatia ile kamyo na maharagi yake. Mi namujua." Akavuta turubai. "Enda ita mutu wa kabaza."

Mwenye kabaza, mpanda baiskeli wa pale njia panda, alipouona mtungi alirudi nyuma hatua tatu. Aliuliza kama ni bomu. Baba akamwapia, mimi nikaapa pia, na mwisho akakubali kuukokota lakini si kuipanda baiskeli. Tuliulaza juu ya baiskeli, tukaufunga kwa mipira ya tairi, tukaondoka: yeye ameshika usukani, baba anasukuma, mimi nyuma kabisa nimekumbatia kitako cha mtungi kilichokuwa baridi kama samaki. Tulipita kwenye matope ya Mchesi, watu wakitupisha. Mara mbili baiskeli ililala, mara mbili tukaiinua. Niliogopa sana, nikihesabu makosa tutakayoulizwa: mbona ulificha, mbona ulidanganya, mbona unakaa mjini.

Kisha tukaingia uwanja wa hospitali kuu, ambako barua ilisema mitungi inakusanywa, na hofu yangu ikakosa pa kukaa.

Mitungi! Sijawahi kuona kitu kama kile, tangu siku ile hadi leo. Ilisimama safu kwa safu juu ya saruji iliyolowa, myeusi, ya kijivu, ya kijani, mingine mipya, mingine imekwaruzwa kama goti la mtoto. Ilitoka gereji, viwandani, kwa mafundi wa vichochoro kama chetu. Mmoja ulikuwa bado na sala iliyoandikwa kwa chaki. Mzee mmoja alipita katikati na nyundo ndogo, akiugonga kila mmoja na kutega sikio kujua kama chuma ni kizima, na kila mmoja ulilia kama kengele, mingine kwa sauti nene, mingine kwa nyembamba. Malori yaliingia na kutoka. Hakuna aliyepiga kelele. Kando ya uzio walikaa ndugu za wagonjwa, na chupa za uji mapajani, na kila lori lilipoingia walisimama wote kwa pamoja, wakalitazama. Mji mzima ulikuwa umeambiwa utoe pumzi, na mji ulikuwa umetoa.

Mama wa sweta la kijani alikuwa pale na daftari lake. Baba alivua kofia. Najua alikuwa ameandaa maneno, maana midomo yake ilikuwa ikisogea tangu njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa machache: "Madamu, huyu alibakia."

Aliutazama mtungi, akatazama matope hadi magotini mwetu, akanitazama mimi. Nilifumba macho.

"Nambari?" akauliza.

Baba akainama, akafuta bega la mtungi kwa kofia yake, akazisoma kwa sauti kubwa hata mzee wa nyundo akageuka. Mama yule akaandika chini ya ile mitatu. Hakuuliza lingine.

Mvua zilipokwisha mitatu ilirudi, nambari zilezile. Wa nne ulichelewa. Ulikuwa umepelekwa hospitali ya kaskazini, ukarudi na bega limepakwa rangi nyeupe ya mitungi ya hospitali, na baba hakutaka kuiondoa. Miaka miwili baadaye ilitoka amri nyingine, wakimbizi warudi kambini, nasi tukafunga karakana kwa karatasi yenye muhuri kama ule. Hakuna aliyesema pepani. Siwezi kusimulia la kwanza nikaficha la pili. Mkono ulikuwa mmoja.

Lakini kuna jambo sikulielewa nikiwa mtoto, kwa sababu uwanja ule ulinijaza macho. Nilidhani mitungi yote ile ililetwa na amri. Amri, hata hivyo, ilifika kwetu, ikauliza, ikapata mitatu, ikaridhika, ikaenda zake. Haikuwa na njia ya kuujua mwingine. Na sasa najiuliza katika safu zile ni mingapi iliyoletwa na lori, na ni mingapi iliyosukumwa na mtu aliyekosa hamu ya kula mchana ule. Siku hizi redio ikitangaza kimbunga au ukame, ikasema serikali imechukua mamlaka haya na yale, nanyamaza nikasikiliza hadi mwisho. Halafu nawawazia watu nisiowajua, kila mmoja kwake, wamesimama mbele ya turubai.