Nilijibu Ujumbe wa Mdogo Wangu Akiwa Jandoni

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitajitetea. Nilimwondoa mdogo wangu kwenye mashindano ya dunia. Haikuwa bahati mbaya. Nilifanya kwa vidole vyangu, nikiwa na akili timamu na shahada ya chuo kikuu.

Naandika bila jina kwa sababu kwetu, kata ya Susuni, wananiita Mchunguzi. Na jina hilo nililipenda sana! Nililipata mwaka niliomaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Ilikuja kampuni ya ufugaji wa mtandaoni: unanunua ng'ombe ambaye hujawahi kumwona, anazaa humo humo kwenye simu. Sisi Wakurya, wenye ng'ombe wa kweli zizini, tukataka kununua ng'ombe wa picha! Nikasimama kwenye mkutano, nikamuuliza wakala wao maswali matatu, akakosa jibu hata moja. Haukupita muda kampuni ikayeyuka. Baba alikuwa karibu kuingia, akaponea kwangu. Tangu siku hiyo, nyumbani nikisema kitu ni wizi, basi ni wizi.

Hilo ndilo lililommaliza mdogo wangu.

Nitamwita Marwa. Huku kwetu akina Marwa ni wengi, hamtampata.

Marwa alikuwa anacheza mchezo wa simu, ule wa watano dhidi ya watano, kila upande unalinda ngome yake na kuvunja ya mwenzake. Nyumbani mtandao ni wa shida, lakini juu ya mwamba ulio nyuma ya zizi simu inakamata minara ya Kenya. Akatafuta laini ya Kenya, akaiweka pamoja na ile ya kwetu, akawa anapanda pale na simu yake yenye ufa kwenye kona, ng'ombe wanakula chini yake. Kwenye timu yeye ndiye alikuwa anatoa amri. Na alizitoa kwa sauti!

"Otieno rudi! Rudi nyuma! Jamani Otieno anakufa!"

Siku moja mama wa jirani alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Nani anakufa? Wapi?"

Baba akamjibu bila hata kugeuka, "Hakuna mtu. Siku hizi ng'ombe wangu wanachungwa na redio."

Huyo Otieno alikuwa kijana wa Isebania, ng'ambo ya mpaka. Wengine watatu walikuwa Mwanza. Hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso. Lakini walielewana kuliko watu wa nyumba moja, na mara tu Marwa alipomaliza mtihani wa kidato cha nne walishinda mchujo wa Afrika Mashariki. Mshindi alikuwa anakwenda kwenye fainali za dunia, Malaysia.

"Kaka! Malaysia!"

"Nauli analipa nani?"

"Wao."

"Kwa nini walipe?"

"Kwa sababu tumeshinda."

"Marwa, hakuna mtu duniani anayempandisha ndege mtoto wa Susuni kwa ajili ya kubonyeza simu."

Akacheka. "Wewe kaka, ukiambiwa kesho ni Jumanne utaomba ushahidi."

Ikaingia Desemba, msimu wa tohara. Baba alikuwa amemsubirisha mpaka amalize shule. Marwa alisimama mbele ya kisu hakupepesa jicho, tukamrudisha nyumbani kwa nyimbo na unga usoni. Baada ya hapo kijana anakaa ndani mpaka apone, na baba alitoa amri kwamba mtu hakai jandoni na simu. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula.

Kabla hajaingia alinipa simu yake. Maneno yake nayakumbuka yote. "Kaka, nishikie. Kuna ujumbe wa kuthibitisha majina, mwisho wake Jumatatu ijayo. Ukija, niambie tu. Nitakwambia cha kujibu."

Niambie tu. Hakuniomba kingine.

Ujumbe ukaja siku ya nne. Walitaka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, picha yake akiwa amekishika, na sahihi ya mzazi kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na nane. Mwisho Jumatatu. Muda wa kuongeza mchezaji wa akiba ulikuwa umeshapita, kwa hiyo mmoja asipothibitisha, orodha haijatimia na timu nzima inaondolewa.

Sikumwambia Marwa. Nikampelekea baba.

"Wanataka cheti, picha na sahihi yako."

"Sahihi yangu tena?" Nikaona usoni kwake wamerudi wale ng'ombe wa simu. "Wewe ndiye umesoma. Ukisema ni wezi, ni wezi."

"Ni wezi, baba."

Ijumaa nikiwa mwambani simu ya Marwa ikaita. Dada mmoja, Kiswahili safi, akasema yeye ndiye mratibu wa timu za ukanda wetu. Nikamwambia mimi ni kaka mkubwa wa Marwa na hatutoi nyaraka zetu kwa watu tusiowajua.

"Nakuelewa kabisa, kaka," akasema. "Matapeli wamejaa. Basi fanya hivi, nenda ofisi ya utamaduni na michezo ya wilaya yako. Tumewaandikia. Waulize wao kwanza, ukiridhika ndiyo mtutumie."

Nikamjibu, "Dada, hata tapeli angesema hivyo hivyo."

Jamani, nilivyojisikia vizuri na jibu lile! Nilitembea nalo siku nzima nikijipongeza. Sikuona kwamba nilikuwa nimeonyeshwa mlango mmoja tu wa kugonga, na ule mlango ungeniambia ukweli kwa dakika tano.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa sina pa kujificha. Jumatatu nilikwenda Tarime mjini. Nilikwenda kuchapa barua yangu ya maombi ya kazi, barua ya ngapi sijui. Nikapita mbele ya geti la halmashauri, ilipo ile ofisi ya michezo. Nilipita! Mlinzi akanisalimia, nikamwitikia. Nikaendelea na safari yangu.

Nilipotoka kuchapa, nikakaa kwenye benchi nje ya duka. Nikafungua simu ya Marwa, nikaandika kwa Kiingereza kizuri cha chuo kwamba mchezaji huyu amejitoa kwa hiari yake na asitafutwe tena. Nikatuma. Nikafuta mazungumzo yote. Otieno alikuwa amepiga mara nyingi tangu asubuhi, akaanza tena. Nikachomoa laini.

Jioni nilimpelekea Marwa ugali. Alikuwa amekaa juu ya ngozi, anajikaza maumivu.

"Kaka, ule ujumbe?"

"Bado."

"Leo si ndiyo Jumatatu?"

"Nimekwambia bado. Kula."

Akala. Aliniamini, akala.

Alipotoka ndani kulikuwa na sherehe, akavalishwa shati jipya, wazee wakamshika mkono kama mwanamume. Cha kwanza kuniomba kilikuwa simu. Akapanda mwambani na shati lake jipya. Akakaa kule muda mrefu, na siku hiyo bonde halikusikia amri yoyote.

Akashuka. "Kaka, wamenitoa kwenye kundi. Otieno kanizuia kwenye simu yake, hata nikipiga haiiti. Mratibu naye hapokei. Nimewakosea nini?"

Nilikuwa na nafasi. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mnajua nilisema nini?

"Si nilikwambia watu wa mtandaoni hawaaminiki."

Kwa hiyo wenzake walijua Marwa amewasaliti, na Marwa akajua wenzake wamemtupa. Vijana watano waliopendana, na katikati yao nimesimama mimi na shahada yangu.

Matokeo ya mtihani yalipotoka hayakuwa ya kumpeleka popote. Akafuata watu kwenye mashimo ya dhahabu. Huko vijana wametoka Geita, Shinyanga, kila mahali, wanashuka na nyundo na tindo, wanapandisha viroba vya mawe mgongoni. Alikuwa anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, kila safari anaongea kidogo kuliko safari iliyopita.

Ndipo nikaanza kusoma. Ndiyo, baada! Nilichotakiwa kufanya kabla nilikifanya baada. Nikajua kwamba Korea na China wana ligi kamili za michezo hii, timu zina makocha na kambi za mazoezi, wachezaji wanasajiliwa kwa mikataba kama wa mpira. Indonesia na Brazili viwanja vinajaa. Nikajua mchezaji wa miaka ishirini na tano wanamwita mzee. Nikajua kwamba nafasi yenyewe ni finyu, wengi wanaishia njiani, na Marwa huenda naye angeishia njiani. Hilo nalo nilijaribu kujifariji nalo. Halifariji. Angeishia kwenye njia yake.

Fainali zenyewe niliziangalia. Zilirushwa mchana kwa saa zetu, nikapanda juu ya ule mwamba wa Marwa. Nafasi yao ilikuwa imepewa timu ya pili, vijana wa Dar ambao Marwa na wenzake waliwafunga pasipo hata kupoteza mchezo mmoja. Wakaitwa jukwaani mmoja mmoja, taa, watu wanapiga kelele. Yule wa tano alikuwa na hofu, akawa anapunga mkono kwenye kamera ambayo siyo. Wakatolewa siku ya pili tu. Lakini walikuwa pale! Na mimi, mjinga, macho yangu yalikuwa yanamtafuta Marwa kwenye skrini.

Hapo ningesema. Sikusema.

Mwezi uliopita Marwa alikuwa Sirari, mpakani, kununua buti za kazi, akasikia mtu anaita sokoni, "Wee! Sauti hiyo naijua!" Alikuwa Otieno. Walijuana kwa sauti, hawakuwa wamewahi kuonana. Nasikia kidogo wapigane. Kisha Otieno akatoa simu, akamwonyesha picha ya ule ujumbe wa kujitoa, mratibu aliwatumia siku ile ile.

Wakaja nyumbani wote wawili. Mimi nilikuwa uani na baba.

"Shikamoo mzee," Otieno akasema. Halafu akanigeukia. "Kumbe ndiye wewe? Ule msomi? Buda, hiyo English uliandika si ya huyu jamaa. Mimi nilifaa kujua. Huyu hata 'asante' anaandika na makosa."

Marwa hakucheka. Baba akauliza kuna nini, akasomewa, Otieno akamweleza kwamba ofisi ya michezo Tarime ilikuwa imeandikiwa. Akanigeukia.

"Ulikwenda Tarime kuwauliza?"

"Nilikwenda Tarime."

"Kuwauliza?"

"Hapana, baba."

"Mimi niliweka neno lako juu ya la mtoto," baba akasema. Akainuka, akaenda kwa ng'ombe. Tangu siku ile hajaniuliza jambo lolote. Hata mvua itanyesha lini haniulizi.

Otieno naye moyo ukalainika. "Haya, yameisha. Weka mchezo, tucheze moja tu, ya kumbukumbu."

Marwa akatoa simu ile ile yenye ufa. Akaweka mchezo. Akagusa kioo, kioo hakikusikia. Akapangusa kidole kwenye suruali, akagusa tena. Vidole gumba vyake vimekuwa vigumu kama kwato, vimepasuka pasuka, simu haivitambui. Alijaribu mara nne, mara tano. Mchezaji wake amesimama tu pale mlangoni mwa ngome, hatembei.

"Wacha tu," Otieno akasema polepole. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Marwa akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Kaka, uliogopa nitaibiwa, au uliogopa nitaenda?"

Mchunguzi mzima, nikakosa jibu! Lakini ninyi nitawaambia. Siku ile nje ya duka la kuchapa nilikuwa na bahasha ya barua ambayo hakuna mtu angeijibu, na mkononi nina simu ya mtoto wa kidato cha nne anayeombwa, anayebembelezwa, asafiri. Nilihoji kila kitu siku ile. Nilihoji barua pepe yao, nembo yao, sauti ya yule dada. Moyo wangu peke yake sikuuhoji.

Marwa akaniwekea simu mkononi. "Shika. Si ndiyo kazi yako."

Asubuhi akarudi mashimoni na simu ya kitochi, ya kupigia tu. Nikimpigia anapokea, anasema salama, anakata. Naye sasa ana miaka kumi na tisa, na kidole hakirudi kilivyokuwa.

Simu yake iko kwenye sanduku langu. Naichaji. Kila baada ya siku chache mchezo wenyewe unatuma taarifa: "Wenzako wanakusubiri, rudi uwanjani." Nashindwa kuzifuta. Kufuta nilishafuta mara moja, ikatosha.

Wewe uliyesoma, unayeitwa kuangalia kama jambo ni la kweli, uliza sana, lakini nenda mpaka kwenye jibu. Usipite geti. Na kama jibu unaliogopa, jiulize kwa nini kabla hujamharibia mwenzako.

Na ukiachiwa simu ya mtu, ukaombwa ujumbe ukija umwambie tu, tafadhali, mwambie tu.