Kamba za Bibi na Shimo la Chokaa

Fundi alitia kidole kwenye ukuta wa chumba cha mama, pale lipu ilipobanduka, kidole kikazama chote. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, kisha akaninong'oneza ili mama asisikie pale kitandani: "Bi mkubwa asilale tena humu." Boriti tatu zilizobeba dari juu ya kichwa chake zilikuwa zimeoza ncha, na masika yalikuwa yamebakisha wiki tatu kuanza. Nikamuuliza anataka vifaa gani tuwahi. Akanitajia boriti, mawe, udongo mwekundu, na chokaa iliyokaa shimoni si chini ya miezi mitatu. "Mnayo?" Mwenzangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa sababu tulikuwa nayo. Nyumba hii ya Mji Mkongwe ndimo nilimozaliwa, na utoto wangu wote uani palikuwa na shimo la chokaa, karibu na kisima, limefunikwa mbao na magunia mabichi. Bibi, mama yake mama, akiiagiza kwa mchoma chokaa wa upande wa Fumba, na mahamali wakiingia nayo kichochoroni wakipiga kelele tuwapishe. Ikimwagiwa maji ilikuwa inachemka na kunguruma, moshi mweupe unapanda mpaka ghorofani, na sie watoto tunafukuzwa tukakae ngazini isije ikatuingia machoni. Ikishatulia inakuwa laini kama mtindi. Hapo tena hapana ruhusa ya kuigusa, inafunikwa inaachwa.

"Hii si ya mwaka huu," bibi akituambia. "Hii ya mwakani. Mie siendi kutafuta chokaa na mvua iko mlangoni."

Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini hesabu ya vifaa vya nyumba nzima ilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Palikuwa na misumari saba, na kila msumari una kamba yake ya usumba wa nazi. Kila chumba kilikuwa na kamba, na urefu wa kamba ndio urefu wa boriti za chumba hicho. Masika yakimalizika alikuwa akipita na mpini wa ufagio, chumba hadi chumba, anagonga boriti moja moja huku katega sikio. Akisikia mlio mzito anasema, "Huyu keshalewa maji," kisha anakwenda jikoni kupiga fundo kwenye kamba. Mafundo mawili, boriti mbili za kuagizwa. Boriti mpya ikishapanda, fundo linafunguliwa. Na zile za akiba zilikuwa zimeegeshwa ukumbini mwaka mzima zikauke, tukipita ubavu ubavu na mabuku yetu ya skuli, tunanung'unika.

Nakumbuka zaidi mwaka lilipopigwa upya dari la chumba cha mama, lile tabaka la chokaa linalolala juu ya boriti. Wanawake wa mtaa walikuja asubuhi na vibao vyao vya mti, wakajipanga juu kule kwenye chokaa mbichi iliyochanganywa na kokoto, wakawa wanapiga, wanapiga, kwa mpigo mmoja, siku tatu. Aliyekuwa anaanzisha nyimbo ni mama. Alikuwa mwembamba, kajifunga kibwebwe, na maneno yake juu ya waume za watu yakiwafanya wenzake waangushe vibao kwa kucheka. Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji kwa kopo, chokaa isikauke upesi. Asubuhi tukinywa uji wa tangawizi, mchana muhogo wa nazi na papa mkavu. Jioni mama alikuwa akinipaka mafuta ya nazi viganjani, kwa jinsi chokaa ilivyonila, na viganja vyake mwenyewe vimechubuka zaidi ya vyangu. "Dari langu hili," akisema. "Nimelipiga mwenyewe, nitafia chini yake." Sisi tukicheka, wallahi.

Bibi alipofariki mimi ndiye niliyekuwa na mshahara, basi mimi ndiye niliyekuwa na sauti. Shimo nikalijaza kifusi nikapiga sakafu ya simenti, nipate pa kuweka tangi la maji. Kuta za mama nikazipiga lipu ya simenti, zikang'ara, hata jirani wa mbele akavuka kuja kushika kwa mkono na kunipongeza. Na zile kamba? Nilizishusha zote nikaziunga nikafanya kamba ya kuanikia nguo. Ile ya chumba cha mama ilikuwa na mafundo matatu. Nayakumbuka kwa sababu yalinisumbua, yalikuwa yamekaza sana, nikayafungua kwa meno. Sikujiuliza hata mara moja bibi aliyapiga kwa nini.

Simenti haipumui, ndivyo fundi alivyonieleza. Maji ya mvua yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea, yakakaa ndani miaka yote hiyo yakila ncha za boriti. Boriti tatu, zile zile.

Nilikwenda mpaka Fumba, nimepita nyumba mpya zilizopangwa kama vibiriti, nikaulizia mchoma chokaa. Yeye hayupo tena. Nilimpata mwanawe, ana tanuu moja tu, na chokaa yake ilikuwa ya wiki ile. Nikaipakia yote. Nilirudi mjini nina furaha ya kijinga, najiona nimeokoa nyumba. Fundi akachota kidogo, akaimwagia maji, ikachemka mbele ya macho yangu.

"Hii bado ina moto, bi. Nikiipaka leo, mwezi ujao inamwagika."

"Ipake hivyo hivyo!"

"Sipaki. Yule ni mama yako, lakini ukuta ukianguka nimemuua mimi."

Nikamfokea. Nikamwambia maneno ambayo mtu mzima hamwambii fundi wa watu, kisha nikakaa chini pale uani, juu ya simenti yangu mwenyewe, nikalia kwa sauti. Alisubiri nimalize. Kisha akasema lililokuwa limebaki: upande wa pili wa ukuta ule wanalala watoto wa jirani, basi chumba lazima kivunjwe, kishushwe chote kabla ya mvua, hapana njia nyingine.

Mama tulimteremsha kwenye kiti, vijana wanne wa mtaa, ngazi kwa ngazi. Alikuwa anawaombea dua wote wanne na kuwatania mmoja mmoja. Amekaa kwa mdogo wangu Michenzani, fleti ya chini, na mkoba wake wa nguo hataki ufunguliwe. Wa nini kufunguliwa, anasema, na yeye karibu anarudi.

Siku hizi nikitafuta mtaani mwanamke anayejua kupiga dari, simpati. Vibao vile sijui vimekwenda wapi, pengine viliishia jikoni kupikia. Wale walioimba wamebaki wawili, mmoja hasikii. Na mimi niliyekunywa ule uji, niliyeambiwa kila mwaka na kwa sauti kwamba hii ni ya mwakani, nilikuwa natazama tu moshi.

Kila baada ya alasiri nnakwenda Michenzani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mmefika wapi na chumba changu?" Nnamwambia ukuta unakauka, mama, mambo ya chokaa hayataki haraka. Anaitikia kwa kichwa, anaridhika, anasema hata bibi yako angesema hivyo hivyo. Chumba kilishushwa Jumatatu, na dari lake walilivunja kwa nyundo kutwa nzima, lilikuwa gumu.