Matembezi ya Kushusha Chakula

Michembe ilipochemka pamoja na karanga, harufu yake ilinifikia kabla sijavua viatu vya shule. Wasiokulia Mwanza nawaonea huruma: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vikapikwa mpaka vikalainika, vinaweza kumsahaulisha mtu adabu. Lakini vina kisasi. Ukivibugia, tumbo linajaa gesi na kukaza kama ngoma, nawe unagaagaa hadi asubuhi. Ndiyo maana mama hakutuacha tubugie. Maharage, ambayo nayo hujaza gesi, aliyaloweka tangu jana yake, na maji yale akayamwaga. Mezani alitaka tutafune taratibu, bila soga, wala kushushia kila tonge kwa maji. "Haraka haraka haina baraka," alisema, "na tumbo halina meno."

Baba alikuwa na sheria moja tu: mtu halali chakula kikiwa bado kifuani. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha umma, na jioni zake zilikuwa zetu. Tukishanawa ananishika mkono, tunashuka kilima chetu cha Ilemela kupitia katikati ya mawe makubwa, upepo wa ziwa ukitupiga usoni. Kwenye jiwe bapa la kwanza anasimama. "Mama, chakula kimeshuka?" Mimi binti yake aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikijibu kimeshuka, tunageuza. Basi nikajifunza kusema, "Bado, Baba," tukaendelea hadi jiwe la pili, mpaka mchangani. Alijua kabisa namdanganya.

Kisha upepo wa biashara huria ukafika na kwetu. Kiwanda kikauzwa, baba akapunguzwa kazi, akafungua duka kwenye chumba cha mbele, lenye friji la soda. Nilivimba kichwa shuleni, sikatai. Lakini wateja walimiminika jioni, saa ileile yetu. Baba akawa anakula amesimama, anameza matonge bila kuyatafuna, huku akirudisha chenji. Mama akamwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. "Mama Neema," akacheka, "biashara haina saa ya kula."

Jioni moja nilisimama nje ya dirisha la duka nikimngoja aniulize. Hakuuliza. Nikasema mwenyewe, "Baba, chakula hakijashuka." Akanitazama, akaweka mkono kwenye komeo la mlango, nikajua anatoka. Mteja akagonga dirisha kwa chupa tupu. Baba akageuka, akafungua soda baridi, akanipa. "Kunywa, mama. Ukibeua tu, kitashuka." Mtaa mzima ulikuwa umeshaamini hivyo. Nikanywa, nikabeua, tumbo likazidi kujaa. Nililia sana, wakadhani ni tumbo.

Siku hizi naishi Nyegezi, nakula mbele ya kompyuta, na tumbo langu halikosi gesi. Daktari ameniambia nitafune polepole, niache soda, nitembee kidogo baada ya kula. Nilimsikiliza machozi yakinilengalenga. Baba ametutoka, na duka lilishafungwa. Najuta kwamba siikumbuki hata jioni yetu ya mwisho ya kutembea, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa ndiyo ya mwisho.

Sasa natembea peke yangu kila nikimaliza kula. Jana nilifika kwenye kona ninayogeuzia, na chakula kilikuwa kimeshashuka kitambo. Nikasema kwa sauti, "Bado, Baba," nikaendelea mbele.